Trekta Halikulewa

Siku ya kuniaga kazini, baada ya wali na soda na hotuba zilizoahidiwa kuwa fupi, kijana mmoja wa idara yetu alishika kipaza sauti akawasimulia wageni kwamba katika miaka ya wakimbizi karakana ya Ngara ilikuwa na trekta lililokunywa pombe, likalewa, likalala barabarani Mabawe. Ukumbi mzima ulicheka. Mke wangu, anayeijua habari hii vizuri kuliko kijana yule, alicheka kuliko wote. Nilisimama kusahihisha, nikaambiwa nikae kwa sababu keki ilikuwa inasubiri. Mtu aliyetunza mali ya umma maisha yake yote anaambiwa akae kwa sababu ya keki!

Basi nimekaa, lakini nimekaa na kalamu. Nawaandikia ninyi vijana wa karakana ambao mtaisikia habari hii ikizidi kuharibika mwaka hadi mwaka. Trekta halikulewa. Injini hailewi. Kilichoziba tundu la kutolea maji ya kupozea injini hakikuwa pombe, kilikuwa machicha ya pombe, na mtu asiyeona tofauti kati ya vitu hivyo viwili asipewe spana. Nitaeleza tangu mwanzo kwa utaratibu, na nitajitahidi nisicheke, ingawa siahidi.

Nilianza kazi katika karakana ya Biharamulo nikiwa na cheti kipya na shati jeupe. Fundi mkuu alikuwa Mzee Leopoldi, mtu mfupi aliyevaa kofia ya pama ndani na nje ya nyumba, na katika utepe wa kofia ile alichomeka spoki ya baiskeli kama watu wengine wanavyochomeka unyoya. Asubuhi yangu ya kwanza nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toa maji kwenye injini ya trekta lile."

Nilifungua koki iliyo chini ya rejeta, maji yakatiririka, yakaisha. Nikafunga, nikasimama kando nikijiona mtaalamu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Umemaliza nusu. Rejeta ina tundu lake na injini ina lake. Nenda ubavuni, chini kabisa, nyuma ya chujio la dizeli."

Nililala chini, nikaikuta koki ndogo iliyofunikwa na tope na grisi, nikaifungua. Hakikutoka kitu. Nikasema kwa furaha kwamba huku hamna maji. Mzee Leopoldi alicheka mpaka kofia ikasogea. Aliichomoa spoki yake, akaniambia niing'oe koki yote badala ya kuifungua tu, akaingiza ncha tunduni, akazungusha, akavuta. Maji ya kutu yalinirukia kifuani, na shati langu jeupe halikuwa jeupe tena hadi lilipokuwa tambara la kufutia mikono.

"Sasa umeajiriwa," alisema.

Hilo ndilo somo, na ninyi mlishike. Koki ikifunguliwa na maji yasitoke, msishangilie. Uchafu wote wa mfumo wa maji huteremka na kutulia pale chini, ukazidi kuganda kwa joto kama ukoko wa ugali. Juu ya ukoko huo maji yapo, ila hayazunguki. Injini inachemka upande mmoja huku rejeta ikionekana haina kosa lolote. Mzee Leopoldi alipostaafu alinipa spoki ile. Ilikuwa imepindwa nchani kidogo, kama ukucha. Ninayo mpaka leo.

Kutoka Biharamulo nilihamishiwa Ngara kuwa msimamizi wa karakana, na miaka ya wakimbizi ilinikuta hapo. Wapo walioiandika kwa takwimu, nami sitashindana nao. Nitasema niliyoyaona kwa upande wa magari. Kila chombo chenye magurudumu kilikodiwa na mashirika, na kila dereva aliyejua kurudi nyuma bila kugonga ukuta aliwafuata huko. Karakana ya wilaya ilibaki na trekta moja, jekundu zamani, lakini wakati huo lilikuwa na rangi ya maharage yaliyochemshwa. Kazi yake ilikuwa kuvuta boza la maji kutoka chemchemi ya Mabawe hadi mahali walipopumzishwa watu waliovuka mpaka upande wa Kabanga.

Watu wale walifika na watoto mgongoni na mikeka kichwani. Walichoomba kwanza kilikuwa maji, kabla ya chakula na kabla hata ya kuulizwa majina. Nilimwona mama mmoja amekishika kikombe kwa mikono miwili, hanywi, mpaka alipohakikisha kila mtoto wake yuko wapi. Kwa hiyo msidhani kwamba nilipoikasirikia koki nilikuwa nakasirikia chuma tu.

Dereva wa trekta alikuwa Gervasi, mwana wa Ngara, mrefu kiasi kwamba akikaa kwenye kiti magoti yake yalikaribia usukani. Aliimba akiendesha, na aliimba vibaya. Aliajiriwa kwa ajili ya chombo kile peke yake, yaani trekta likifutwa, na nafasi yake imefutwa. Jambo hili lilikuwa na uzito usio wa kawaida, kwa sababu Gervasi alikuwa anamchumbia Adela, binti wa Mabawe, na mama yake Adela alikuwa ametamka sokoni mbele ya watu kwamba binti yake ataolewa na mtu mwenye usukani. Matangazo ya ndoa yalikwisha kusomwa kanisani Rulenge mara mbili. La tatu lilikuwa Jumapili inayofuata.

Mama Adela huyu alikuwa mjane, na ndiye aliyepika rubisi iliyosifiwa kuliko zote Mabawe. Kwa walio wageni wa Kagera, rubisi ni pombe ya ndizi. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi, kisha katika juisi hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ikaachwa ichachuke. Ikichujwa, yanabaki machicha. Nawaomba myakumbuke machicha.

Basi trekta likaanza kuchemka. Mwanzoni lilichemka juu ya mlima tu, halafu katikati, halafu kabla ya mlima, kana kwamba linaufikiria. Tulibadilisha mkanda wa feni. Tulisafisha mapezi ya rejeta kwa brashi ya viatu. Tuliondoa themostati. Kila tulipofungua koki ya rejeta maji yalitoka vizuri, na kila mtu akasema mfumo ni safi. Kisha siku moja, boza likiwa limejaa, trekta lilifoka mvuke katika kona iliyo chini ya migomba ya Mama Adela, likasimama, likagoma. Hatukuwa na chombo cha kulivuta. Wilaya ikapeleka taarifa Bukoba, na Bukoba ikajibu kwamba Mhandisi wa mkoa atafika Ijumaa kuliangalia, na akiona halifai atalifuta.

Hapa pana uongo mwingine wa kusahihisha. Inasimuliwa kwamba tulikaa tukimsubiri Mhandisi. Ijumaa asubuhi mimi nilikuwa chini ya trekta lile, nimelalia gunia, kabla Mhandisi hajanywa chai. Injini ilikuwa baridi, na nasisitiza ilikuwa baridi, kwa sababu anayefungua kifuniko cha rejeta ya moto hatastaafu na uso wake. Niliifungua koki ya ubavuni. Hakikutoka kitu.

Moyo wangu uliruka kwa furaha! Wenzangu walidhani nimepata habari mbaya nikachanganyikiwa. Niliing'oa koki yote, nikaichomoa spoki ya Mzee Leopoldi, nikaiingiza. Ilizama kiasi cha ncha ya kidole, ikakwama kwenye kitu kigumu. Nilipoivuta, ukucha wake ulitoka na uzi wa nyasi na punje nyeusi. Nilizinusa punje zile. Nikatoka chini ya trekta, nikamshika Gervasi mkono, nikampeleka nyuma ya boza.

"Gervasi, huu ni mtama."

"Naona, Mkuu."

"Uliokaangwa."

"Hilo nalo naliona."

"Mtama uliokaangwa umepandaje ndani ya injini ya serikali?"

Gervasi alitazama juu, kwenye moshi wa jiko lililokuwa kati ya migomba.

"Madumu ya maji alinipa mama."

"Mama yupi?"

"Mama, Mkuu. Mama wa huko juu."

Habari ikatoka. Bomba moja la mpira lilikuwa linavuja kidogo, kwa hiyo Gervasi alibeba dumu la maji ya kuongezea njiani. Dumu lake alikuwa amempa mama mmoja aliyevuka mpaka bila chombo chochote. Mama Adela alipomwona mkwe wake mtarajiwa anahangaika bila dumu, alimpa mawili ya kwake.

"Na hukuyasuuza?"

"Alinikabidhi kwa mikono miwili, amesimama mlangoni, na shangazi zake Adela wamejipanga kwenye mkeka wananitazama. Nichungulie ndani ya chombo cha mama mkwe? Wangesema mkwe anakagua."

"Ungesuuza chemchemini!"

"Chemchemi iko chini ya migomba yake, Mkuu. Anaiona yote. Na kila nikipita anaomba nimwachie madumu alaze rubisi humo, asubuhi ananirudishia. Nayajaza, nafunga, namshukuru Mungu."

Ninyi mliozaliwa juzi mtaona ni ujinga. Si ujinga. Kwetu, kusuuza chombo mbele ya mama mkwe ni kutangaza kwamba nyumba yake ni chafu, na mkwe wa namna hiyo hula chakula chake cha mwisho hapo. Nilimwelewa Gervasi kabisa, ndiyo maana nilikasirika zaidi.

"Usimtaje, Mkuu," alisema. "Nakuomba. Tangazo la tatu ni Jumapili."

"Nisipomtaja utapoteza trekta. Ukipoteza trekta, mama yako huyo atakunyima binti."

"Na ukimtaja atanifukuza leo leo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo zibua tu, Mkuu. Mengine tumwachie Mungu."

Mhandisi alifika amevaa kaunda suti yenye rangi ya maziwa. Alikuwa mtu wa Bukoba, mnene, mpole wa sauti. Alilizunguka trekta, akasema, "Huyu tuna umri mmoja, na mimi bado natembea." Watu waliokuwa wamekusanyika kando ya barabara walicheka. Walikuwa wengi: wanawake waliotoka shambani, wenye baiskeli za ndizi, na kundi la watu waliovuka mpaka ambao boza lile lilikuwa linawahusu kuliko sisi sote. Nilimweleza Mhandisi hali ya tundu. Sikueleza habari ya mtama.

"Umeng'oa koki yote?"

"Yote, Bwana Mhandisi."

"Waya umefika wapi?"

"Umegonga ukoko."

Aliinama, akatazama kwa muda. "Mmetia magadi?"

Nakiri kwamba swali hilo lilinifurahisha kama zawadi, maana ndilo nililokuwa nimepanga kulisema na sasa limesemwa na mwenye cheo. Mama mmoja katika kundi akafungua fundo la kanga, akatoa donge la magadi alilokuwa analipeleka kwenye maharage yake. Tuliyeyusha magadi katika maji ya moto, nikarudisha koki, tukamimina kwa juu polepole, tukasubiri. Someni vizuri: magadi ni kwa injini ya chuma tupu kama ile. Msiyatie kwenye injini zenu za siku hizi zenye alumini, zitaliwa. Na yakishafanya kazi suuzeni mpaka maji yatoke kama yalivyoingia.

Tulisubiri tukila mahindi ya kuchoma. Mhandisi alikula pia. Kisha nikalala tena juu ya gunia, nikaing'oa koki, nikaingiza spoki. Nikazungusha, nikavuta. Nikazungusha, nikavuta. Mhandisi alichuchumaa pembeni akiniambia "taratibu, taratibu," kama anayemsaidia mtu kuzaa. Nikasikia ukoko unaachia. Nilipiga kelele, "Kaa kando!" lakini mtu mnene aliyechuchumaa hakai kando haraka.

Lilitoka jeshi zima. Maji ya kahawia, nyasi, mtama, kutu, mapovu ya magadi, vyote vilimpiga Mhandisi kuanzia kola mpaka kiunoni. Maneno ya Mzee Leopoldi yalinijia mdomoni, "Sasa umeajiriwa," nikayameza kwa sababu ya ngazi ya mshahara wake. Umati ulipiga vigelegele. Gervasi alirukaruka, akasahau kwamba ana matatizo.

Kisha harufu ikapanda. Kelele zikakatika. Mzee mmoja mwenye baiskeli akasema kwa sauti ya heshima kabisa, "Rubisi."

Mhandisi alijinusa kola. "Ni nani aliyemimina pombe ndani ya mali ya serikali?"

"Bwana Mhandisi," nilisema, "si pombe. Ni machicha. Naomba irekodiwe hivyo."

"Tofauti ni nini?"

"Pombe hulewesha. Machicha huziba."

"Sawa, machicha. Hayana miguu. Yaliingiaje? Dereva?"

Gervasi alisimama wima. "Sina la kusema, Bwana Mhandisi."

"Huna la kusema au hujui?"

"Sina la kusema."

"Vizuri. Trekta limepona, nitaliacha. Wewe Jumatatu utamkabidhi msimamizi wako funguo. Dereva anayebeba pombe kwenye chombo cha maji ya wakimbizi simhitaji."

Nilifungua mdomo. Gervasi alinitazama, akatikisa kichwa mara moja, nikaufunga. Sijawahi kuufunga mdomo wangu kwa shida kama siku ile, na mke wangu ni shahidi kwamba huwa siufungi.

"Nani anasema pombe?"

Sauti ilitoka juu, kwenye migomba. Mama Adela alikuwa anateremka ukingo akiwa amejifunga kanga kiunoni, na shangazi za Adela nyuma yake kama msafara. Watu wakampisha. Alifika mpaka kwenye dimbwi, akachota machicha kwa vidole viwili, akayasugua, akayanusa.

"Huu mtama ni wangu," alisema.

Gervasi alifumba macho.

"Nimeukaanga mwenyewe. Mtu asiseme ni pombe mbovu iliyoharibu trekta. Rubisi yangu haijawahi kumharibu mtu." Akamgeukia Mhandisi. "Shikamoo nisingekupa, wewe ni mdogo wangu, lakini nakuheshimu. Madumu nilimpa mimi. Yalikuwa na machicha chini."

"Mama, kwa nini hakuyasuuza?"

Mama Adela alimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini jua halitoki chini. "Ayasuuze mbele yangu? Huyo angekuwa mkwe gani?"

Mashavu ya Mhandisi yakaanza kutetemeka. Nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anazuia, na ikamshinda, akaketi juu ya gurudumu la boza akacheka mpaka machozi yakachanganyika na machicha.

"Mama mkwe wangu," alisema alipopata pumzi, "alinipa mwavuli uliotoboka. Nilitembea nao kwenye mvua kutoka kwake mpaka barabara kuu, nimeufungua, nashukuru, nimelowa kama samaki. Nisingeweza kuufunga, alikuwa amesimama mlangoni!"

Basi ikawa kicheko cha barabara nzima. Shangazi mmoja alilazimika kuushikilia mgomba. Wale waliovuka mpaka, wengi wao Kiswahili kilikuwa bado kigeni kwao, wakatafsiriana habari ile, na kicheko kikapita kundini kwa awamu, kila mmoja akicheka pale ilipomfikia. Mama yule wa kikombe alikuwepo. Naye alicheka.

"Dereva," Mhandisi alisema akijifuta uso, "kaa na funguo zako. Washa."

Tulisuuza mfumo mpaka maji yakawa safi, tukafunga koki, tukajaza kwa ndoo ya chemchemi niliyoichungulia mimi mwenyewe mara mbili. Gervasi aliwasha. Trekta lilikohoa, likatulia. Boza lililojaa likapanda mlima wa Mabawe bila mvuke, sindano ya geji ya joto ikiwa imetulia mahali pake, watu wakikimbia pembeni, Gervasi akiimba vibaya, na Mhandisi wa mkoa amesimama nyuma ya kiti, ameshikilia madigadi ya gurudumu, anatoa harufu ya sherehe. Jioni ile maji yalifika.

Ndoa ilifungwa Rulenge. Hili nalo lisahihishwe: si kweli kwamba trekta lilibeba bibi harusi kinyume cha taratibu. Trekta lilikuwa kwenye safari yake halali ya maji, na bibi harusi alikuwa kando ya barabara hiyo hiyo, akielekea upande huo huo.

Wakati wa zawadi, Mama Adela alisimama na dumu jipya la njano. Alilikabidhi kwa Gervasi kwa mikono miwili. Gervasi alilipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, akataka kuliweka chini bila kulitazama, kama ipasavyo.

"Ngoja," Mama Adela alisema.

Alinyoosha mkono, akafungua kizibo mwenyewe.

"Chungulia."

Gervasi aliwatazama shangazi. Shangazi walitazama chini.

"Chungulia, mwanangu. Mimi mama yako nimesema."

Dereva yule mrefu aliinama, akaweka jicho lake mdomoni mwa dumu mbele ya ukoo mzima, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akainua kichwa.

"Ni safi, mama," alisema, na ukumbi ukalipuka.

Alichungulia kwa ruhusa. Naomba irekodiwe hivyo.